Anzeni na Fedha Ndogo Zilizo Karibu

Hotuba kwa wanafunzi wa programu ya wanafunzi bora na wazazi wao, kama ilivyoandikwa baada ya kutolewa

Walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi wanafunzi wenye shughuli: asanteni kwa kunialika. Nimepewa nusu saa. Mhadhiri akipewa nusu saa, dakika kumi huishia kwenye shukrani, basi zangu zimekwisha.

Nianze na jina lenu, maana lina utata. Mkimwambia mtu kwamba mnasoma shahada ya heshima, atafikiri ni ile anayovishwa rais au mwanamuziki siku ya mahafali bila kufanya mtihani hata mmoja. Yenu ina mitihani, tena ya nyongeza. Mmechaguliwa kwa alama, mnakaa kwenye semina za watu kumi badala ya kumbi za watu mia tatu, na mwaka wa mwisho mtaandika tasnifu huku wenzenu wa kozi ya kawaida wakimalizia vipindi vyao na kwenda zao. Nitawaita wanafunzi bora, kama programu inavyowaita, japo najua jina hilo limewapa wenzenu bwenini kazi ya kuwatania.

Ubora huo una gharama ambazo hazikuandikwa kwenye barua yenu ya udahili. Ada mnaijua. Msiyoijua ni ile ya mwaka wa tatu: safari ya kwenda kusoma nyaraka kwenye mji mwingine, kemikali za maabara, malipo ya mtu wa kunakili mahojiano, na zaidi ya yote, miezi miwili ya likizo ambayo utaitumia kwenye utafiti badala ya kibarua. Mwenye nacho hulipiwa na nyumbani. Asiye nacho hubadilisha swali. Anaacha lile lililomkosesha usingizi, anachukua jingine linalojibika maktabani, kwa kuwa maktaba haidai nauli. Nimeshuhudia maswali mazuri yakifa kwa namna hiyo, na mwenyewe hamwambii mtu. Anasema tu, “Mwalimu, nimeona nibadilishe mada.” Siku hizi nikisikia hivyo namwambia akae chini, tuzungumze fedha kwanza.

Sasa, kila mwaka hunijia kijana wa mwaka wa kwanza, uso umemnawiri, ananiambia: “Mwalimu, mimi nataka Rhodes,” ule ufadhili wa kwenda kusoma Oxford. Vizuri. Namuuliza, “Hapa chuoni umeshaomba nini?” Kimya. Hajaomba kitu. Hajui kama idara yake ina fungu la safari. Hajawahi kuingia ofisi ya utafiti, ambayo anaipita kila asubuhi. Anataka kurukia kilele, na ngazi imeegemezwa ukutani karibu yake.

Ndilo nililokuja kusema. Anzeni na fedha ndogo zilizo karibu, na anzeni mapema, kwa sababu hizo ndizo zinazozaa zile kubwa zilizo mbali. Jopo la ufadhili mkubwa halitafuti mtu mwenye alama nzuri tu; wote waliofika mezani kwake wana alama nzuri. Linatafuta mtu ambaye amewahi kukabidhiwa fedha na swali, akarudi na jibu. Huwezi kuwa mtu huyo ukiwa mwaka wa nne kama hukupewa kitu mwaka wa pili.

Ukitaka kujua wazo hili lilivyoingia vyuoni, lina historia nzuri. Mwaka 1957 Edwin Land, yule mvumbuzi wa kamera za Polaroid, alisimama mbele ya watu wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, akawaambia kwamba kijana akifika chuo kikuu asingojeshwe miaka minne ndipo aruhusiwe kutafuta jambo jipya. Apewe swali lake tangu anapowasili. Maneno hayo yalikaa miaka 12 kabla ya kuwa kitu. Mwaka 1969 Margaret MacVicar, mwalimu kijana wa fizikia, aliyageuza kuwa mpango: mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaingia kwenye utafiti wa mwalimu, na analipwa kwa saa au anapata alama za kozi. Vyuo vingi vikaiga. Kwa hiyo ukikuta kwenye tovuti ya chuo chochote fungu la “utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza”, ujue limewekwa kwa ajili yako, na aliyeliweka anataka liishe. Mtunza fungu akifika mwisho wa mwaka na salio, mwaka unaofuata anapunguziwa. Anakuhitaji kuliko unavyodhani.

Na kuna mafungu ya wasia. Haya nayapenda. Mtu alifariki miaka arobaini iliyopita, akaacha fedha kwa chuo na sharti lake: zimsaidie anayesoma jiolojia, au mtoto wa mfanyakazi wa reli, au mwenye kuandika juu ya ushairi. Nimekaa kwenye kamati iliyofunga mwaka bila fungu la namna hiyo kuombwa na mtu hata mmoja, na siku hiyohiyo nikasaini fomu ya mwanafunzi anayeahirisha masomo kwa kukosa nauli. Mfuko mmoja ulikuwa ghorofa ya pili, mwanafunzi ghorofa ya kwanza. Nendeni mkaombe orodha nzima ya mafungu ya chuo, kwa maandishi, hata kama karani atakuambieni yako kwenye tovuti. Mengine hayapo.

Baada ya hapo ndipo mtoke nje kidogo, kwenye likizo. Shirika la taifa la sayansi la Marekani, NSF, tangu 1987 hulipia vituo vya utafiti ambako wanafunzi kama kumi hukaa wiki kadhaa na kupewa posho. Huo ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, basi someni masharti kabla ya kujipa matumaini. Maabara ya fizikia ya CERN karibu na Geneva hupokea wanafunzi wa fizikia, uhandisi na kompyuta kila kiangazi, hata wa nchi ambazo si wanachama wake. Ujerumani kuna mpango wa DAAD, taasisi yao ya ufadhili wa masomo, unaoitwa RISE, ambao humpa mwanafunzi kutoka Amerika Kaskazini, Uingereza au Ireland nafasi kwenye kikundi cha utafiti, akiongozwa na mwanafunzi wa uzamivu. Kila mpango una mlango wake na mabawabu wake. Kazi yenu ni kujua ni upi mnaoweza kupita, wala si kuyajua majina yote.

Hiyo DAAD, kwa kuwa nimeitaja, nisimame nayo kidogo. Leo ni moja ya taasisi kubwa zaidi duniani za kulipia masomo ya nchi za nje, na anayeisikia hudhani ilianzishwa na waziri. Turudi Heidelberg mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ujerumani imetoka vitani imeshindwa, na mwaka 1923 sarafu yake inaporomoka hadi watu wanabeba noti kwenye vikapu. Mwanafunzi mmoja, Carl Joachim Friedrich, anawatafutia wenzake wachache wa sayansi ya jamii na siasa nafasi za kusoma Marekani zenye ufadhili. Anapata. Mwaka 1925 inafunguliwa ofisi ndogo palepale Heidelberg ya kusimamia mabadilishano hayo, na ofisi hiyo ndiyo iliyokua ikawa DAAD. Hakuwa na cheo. Alikuwa mwanafunzi aliyeandika barua.

Na hata programu yenu hii ina damu ya ufadhili. Mwaka 1922 chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, kilianza semina ndogo na mitihani inayosahihishwa na watu wa nje, chini ya mkuu wake Frank Aydelotte, na vyuo vingine vya Marekani vikafuata. Aydelotte alikuwa ameuona mtindo huo Oxford, na Oxford alifika kwa ufadhili wa Rhodes.

Sasa tuje kwenye tarehe, ambako wengi huanguka.

Nilipokuwa mwanafunzi niliona tangazo la ufadhili ubaoni. Chini yake iliandikwa siku ya mwisho, nikainakili kwenye daftari kwa wino mwekundu. Niliandika maombi yangu wiki tatu, nikayasoma kwa sauti mpaka mwenzangu wa chumba akayajua kwa moyo. Siku nne kabla ya mwisho nikapeleka bahasha ofisini, najiona nimewahi. Mama aliyekuwa dirishani akaitazama bahasha, akanitazama, akageuza kalenda yake ya ukutani nyuma kwa ukurasa mzima. Siku ya chuo ilikuwa imepita wiki sita. Tangazo lilionyesha tarehe ya mfadhili; tarehe ya ndani, ambayo chuo huwachuja watu wake, haikuwa pale ubaoni. Bahasha ile ninayo mpaka leo.

Ufadhili mwingi wa kifahari uko hivyo. Goldwater, wa wanaosoma sayansi, hisabati na uhandisi. Truman, wa wanaotaka utumishi wa umma. Marshall, wa kwenda kusoma Uingereza: mwanafunzi wa Marekani hawezi kujipelekea mwenyewe tu. Chuo lazima kimteue au kimuidhinishe, na ili chuo kiteue, kina kamati yake, usaili wake na siku yake, mara nyingi wiki kadhaa au hata miezi kabla. Goldwater na Truman huombwa kabla ya mwaka wa mwisho, kwa hiyo anayengoja awe mwaka wa nne ndipo aulize atakuta mlango umefungwa kitambo. Gates Cambridge, ulioanzishwa mwaka 2000 kwa zawadi ya dola milioni 210, uko wazi kwa mtu wa nchi yoyote nje ya Uingereza, na ombi lake huenda pamoja na ombi la udahili lenyewe. Hapo hamna chuo cha kukuteua, ila tarehe yake hutofautiana kwa kozi na kwa nchi utokayo. Rhodes, wa wasia wa mwaka 1902, ulifungiwa wanawake mpaka 1977, na tangu 2018 una nafasi chache kwa mtu wa nchi yoyote. Cecil Rhodes mwenyewe, yule mkoloni aliyeacha wasia huo, simsafishi hapa. Historia yake barani Afrika mnaifahamu. Kuna waliokataa kuomba fedha zake na kuna waliozichukua wakazitumia kumhoji. Mtaamua wenyewe.

Mmoja niwaondolee njiani mapema: Chevening. Ni ufadhili mzuri wa Serikali ya Uingereza, wa shahada ya uzamili, lakini unadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wanaouhesabu kuwa saa 2,800. Mhitimu wa jana asipoteze usiku kucha juu ya fomu zile. Afanye kazi kwanza, atarudi. Erasmus Mundus, wa Umoja wa Ulaya, haudai hivyo. Kozi zake za uzamili husomwa nchi zaidi ya moja, na mwenye bahati hupata euro 1,400 kwa mwezi.

Barua za mapendekezo. Hapa nitasema kwa niaba ya walimu wote waliokaa nyuma wakijifanya wanatazama simu. Mwaka jana nilipokea ujumbe mbili siku moja. Wa kwanza: “Shikamoo mwalimu, naomba barua ya mapendekezo, mwisho ni kesho saa sita usiku, kiungo hiki hapa.” Huyu alikuwa na alama kubwa kuliko wote darasani. Wa pili alikuja mwenyewe, wiki sita mbele, na karatasi moja. Juu ameandika mfadhili anatafuta mtu wa namna gani, kwa maneno ya mfadhili mwenyewe. Katikati ameandika mambo matatu aliyofanya kwenye semina yangu, pamoja na lile nililokuwa nimelisahau: kwamba aliwahi kusimama akakosoa jedwali langu, na jedwali kweli lilikuwa na kosa. Chini: tarehe, na namna ya kutuma. Barua ya wa kwanza niliiandika, ikawa ya “ni mwanafunzi mwenye bidii”. Barua ya wa pili ilijiandika. Jopo linasoma “mwenye bidii” mara mia kwa siku. Lile la jedwali hawajawahi kulisoma.

Tena msidhani barua kutoka kwa mtu mkubwa ina uzito zaidi. Makamu mkuu wa chuo asiyekujua atakuandikia aya mbili za hewa. Mhadhiri msaidizi aliyekaa nawe maabara usiku atakuandikia kurasa mbili za kweli.

Bajeti nayo. Wanafunzi wa fasihi huiogopa, wa uhandisi huidharau, na wote huangukia shimo moja. Kwenye kamati tuliwahi kuwa na maandiko mawili mezani, maswali yote mazuri. Moja bajeti yake ilikuwa na mistari mitatu: usafiri, vifaa, mengineyo. “Mengineyo” ilikuwa nusu ya fedha zote. La pili liliorodhesha safari sita za kwenda kwa wazee wa kuhojiwa, kinasa sauti cha kuazima kutoka idarani bila gharama, betri zake, na saa arobaini za kunakili mahojiano, na pembeni ameeleza kwamba saa moja ya sauti humchukua saa tano kuiandika, kwa kuwa alishajaribu. Mwenyekiti hakufika hata kwenye ukurasa wa nadharia. Alisema, “Huyu ameshaanza kazi,” na akaenda kwenye andiko lililofuata. Aliyekuwa na “mengineyo” hakuwa mwizi wala mvivu. Hakuwa ameipitia siku moja ya utafiti wake kichwani, asubuhi mpaka jioni, akaona nani analipwa nini.

Sasa jambo ambalo wazazi mlitegee sikio, maana mtoto hatawaambia. Kuna ufadhili unaomeza ufadhili. Kijana anashinda tuzo ya nje, nyumba nzima inashangilia, halafu chuo kinatazama hesabu zake na kusema: mahitaji yako yamepungua, basi na msaada wetu tunaupunguza kwa kiasi hichohicho. Mwisho wa siku amepata cheti na picha, mfukoni hakuna kilichoongezeka. Marekani jambo hili limelalamikiwa miaka mingi, na mwaka 2017 jimbo la Maryland lilikuwa la kwanza kuvikataza kwa sheria vyuo vyake vya umma kufanya hivyo. Kwingi kwingineko kila chuo kina kanuni yake. Kwa hiyo kabla ya kusaini kupokea tuzo ya nje, andikieni ofisi ya misaada ya fedha swali hili: fedha hizi zikiingia, kitakachopunguzwa kwanza ni nini, mkopo wangu au ruzuku yangu? Zikipunguza mkopo, mmeshinda kweli, maana mkopo ungelipwa. Zikipunguza ruzuku, mwombeni mfadhili abadili namna ya kutoa: azilete mwaka unaofuata, au azielekeze kwenye safari na vifaa vya utafiti ambavyo chuo hakikuvihesabu. Wafadhili wengi hukubali. Hawakutoa fedha zao ili zijaze pengo la chuo.

Tazameni pia masharti ya kuendelea. Ufadhili wa miaka minne wenye kiwango cha wastani wa alama usioshuka unaweza kumfanya mwanafunzi bora akimbie kozi ngumu. Nimewaona. Anaacha hisabati aliyoipenda kwa hofu ya alama moja. Kabla hujaacha, kaulize kama kuna muhula wa kujirekebisha; mara nyingi upo, umeandikwa kwenye ukurasa ambao hakuna aufunguaye.

Na mtakataliwa. Hili ni gumu kwenu kuliko kwa wengine, kwa kuwa wengi wenu hamjawahi kushika nafasi ya pili. Kwenye ufadhili mkubwa wanaokataliwa ni wengi mno kuliko wanaochukuliwa, na barua ya kukataliwa haielezi sababu. Ombeni maoni pale yanapotolewa. Andiko lililokataliwa msilitupe: likatwe, lipunguzwe, lipelekwe kwenye fungu dogo la idara, ambako litafanya kazi ya kweli. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na upwa wenyewe mnajua sasa uko wapi, ghorofa ya pili.

Kuhusu usaili sina mengi. Mkiulizwa msichokijua, semeni hamkijui. Jopo linaona.

Mtunza saa ananikodolea macho. Nitabaki hapa mbele hadi wafungaji wa ukumbi watakaponitoa. Mwenye andiko aje nalo, ila anionyeshe ukurasa wa bajeti kwanza, wasifu baadaye. Wenye Goldwater na Marshall vichwani wapite kwanza ofisi ya programu wachukue tarehe za ndani. Zimebandikwa leo asubuhi, nimezibandika mwenyewe. Binti uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mkopo, tuanze na wewe.